Ukurasa wa Kumi na Tatu Septemba

Mwezi uliopita maji yalikatika kwetu Midrand kwa siku nne. Tumeshazoea, kila bafu lina ndoo zake zimepangwa ukutani. Siku ya tano nilikuwa naosha vyombo kwa maji ya chupa, bomba la jikoni likakohoa, likatema hewa mara mbili, kisha likatoa maji mekundu kama chai iliyolala. Harufu ya kutu ikajaa jikoni. Mume wangu akaniambia niyaache yamwagike mpaka yawe safi. Nilimsikia kwa mbali tu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki, nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama mtaa wa Observatory, Johannesburg, kati ya wazee wawili wasiojua lugha moja, na wote wawili wananitazama mdomo.

Mama yangu alikuwa akifanya kazi za ndani kwa mzee mmoja wa Kiayalandi aliyeitwa Mista Donal. Tuliishi uani kwake, katika vyumba viwili vilivyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi. Kimoja kilikuwa chetu mimi na Mama. Kingine kilikuwa cha babu yangu, baba yake Mama, ambaye nilimwita Nkambo kama watoto wa Katanga, kwetu Kongo, wanavyowaita babu zao. Nyumba kubwa ilikuwa ya mawe, imeegemea kilima, na baraza yake ya mbele Mama aliisugua kila Ijumaa kwa nta nyekundu mpaka ukipita na soksi unateleza. Asubuhi ndege wale wenye midomo mirefu, hadeda, walipiga kelele juu ya paa kama majirani wanaogombea mpaka. Ukisimama uani uliuona mnara wa maji wa Yeoville, na Nkambo alikuwa ameweka kiti chake kuuelekea.

Nkambo alikuwa fundi wa maji. Aliifanya kazi hiyo Likasi tangu ujana wake hadi nguvu zilipomwishia, na bibi alipofariki Mama akamleta Johannesburg na mfuko wake wa spana. Aliweza kuweka kiganja juu ya bomba akakwambia maji yanapita au yamesimama. Kiingereza hakukijua, wala hakutaka kukijua; alisema kichwa chake kimeshabeba Kiluba, Kifaransa na Kiswahili, hakina nafasi ya mpangaji mwingine. Watoto wenzangu wa Kikongo pale shuleni walikielewa Kiswahili lakini walijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mimi nilikisema, kwa sababu bila hicho nisingempata babu yangu.

Jambo moja lilinishangaza. Nkambo alizoeana na kila mtu, hata na mama wa spaza, kile kiduka cha mtaani, aliyekuwa hajui neno lake hata moja, lakini Mista Donal alimkwepa. Mwanzoni walikuwa wakisalimiana kwa mkono. Kisha siku moja Mama alimtajia Nkambo jina la nchi ambako mzee yule alizaliwa, na tangu siku hiyo Nkambo akisikia mlango wa jikoni wa nyumba kubwa ukifunguka, anainuka na kiti chake, anaingia chumbani. Bomba la Mista Donal likiharibika, alilitengeneza mzee akiwa ametoka. Mama alisema ni haya tu, ni mambo ya uzee. Kwa upande wa Mista Donal, alichojua ni kwamba sisi ni watu wa Lubumbashi, maana ndivyo Mama alivyomwambia. Watu wa miji midogo hutaja mji mkubwa ulio karibu, wasipate taabu ya kueleza.

Mimi sikumkwepa. Nikitoka shule, Mama akiwa bado anapiga pasi, nilikaa kwenye meza ya jikoni na Mista Donal ananikatia mkate, anaupaka siagi na jamu ya machungwa yenye maganda machungu. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, mjane, hana mtoto. Nikimaliza kula ananiita kwenye chumba chake cha vitabu, chenye harufu ya tumbaku na karatasi ya zamani. Juu ya meza palikuwa na daftari kubwa la jalada la kijani ambalo alilianza mwenyewe, ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka, na ndani yake aliandika kwa wino mambo yaliyotokea katika historia ya nchi yake siku hiyo. Ananisomea ukurasa wa siku. Kila mara alianza kwa maneno yaleyale: siku kama ya leo.

Mimi nilisikia leo.

Nilidhani Ayalandi ni nchi yenye bahati mbaya kuliko zote duniani, kwa sababu mambo yote yalikuwa yanatokea huko kwa pamoja, asubuhi hiyohiyo nilipokuwa nikijifunza hesabu za kugawanya. Viazi vimeoza mashambani, watu wanakufa njaa, na hapohapo Belfast wanashusha majini meli kubwa mno, na mtu mwingine anahukumiwa kwa kutoa hotuba. Alitaja pia namba: kumi na nane arobaini na saba, kumi na tisa kumi na sita. Nilizichukua kuwa namba za nyumba. Mitaa ya Johannesburg ni mirefu, namba zake zinafika mbali, sikuona ajabu Ayalandi kuwa na mtaa mrefu zaidi. Nikawa najua kwamba kwenye nyumba namba fulani kuna vita, jirani yake kuna harusi ya mfalme.

Jioni moja nilimwambia Mama kwamba leo wameua watu wengi kwao Mista Donal. Mama aliacha alichokuwa akifanya, akapika supu ya kuku, akaivusha ua kwa mikono miwili, kichwa amekifunga kitambaa cha msiba. "Pole sana, Papa," akamwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, akimwita kama kwetu tunavyowaita wazee, "tumesikia habari za nyumbani." Mista Donal aliipokea supu, akashukuru, akamwuliza ni habari zipi. Mama akanigeukia. Nikasema, za mauaji ya Drogheda. Mzee akatazama supu, akanitazama mimi, akasema ni kweli, yalikuwa mabaya sana. Aliinywa yote. Mpaka leo sijui kwa nini hakunisahihisha siku ile. Labda hakuwa amepewa pole kwa miaka mingi, akaona asiipoteze.

Siku moja tu katika mwaka alikuwa haisomi. Mama alilijua hilo kwa sababu alikuwa amefanya kazi pale muda mrefu: ikifika tarehe kumi na tatu Septemba mzee havai viatu, hali chakula cha mchana, anakaa chumbani na daftari limefunguliwa mbele yake na hataki mtu. Mwaka wangu wa tisa, siku chache kabla ya tarehe hiyo, Mista Donal alikwenda kupokea simu sebuleni, nami nikafunua kurasa za mbele kuona ni nini kilichokuwa kinamfanya asile.

Nilikuwa msomaji mzuri. Juu kabisa palikuwa na baharia wa Wexford aliyefia Marekani baada ya kuwasaidia watu wa huko kuanzisha jeshi lao la majini. Chini yake, Meksiko: wanaume thelathini wa Kiayalandi waliosimamishwa juu ya magari chini ya mti wa kunyongea, kamba shingoni, wakingoja kuona bendera ya adui ikipanda kilele cha ngome, na ilipopanda wakanyongwa wote. Na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine, palikuwa na neno nililolijua. Jadotville. Nkambo akikasirika au akichoka, Likasi alikuwa akiiita kwa jina hilo la wakati wa Wabelgiji. Niliendelea kusoma. *Walitushambulia tukiwa kwenye Misa. Siku tano. Bomba zilikauka siku ya pili, na mpaka mwisho halikuja hata tone.*

Maneno yalikuwa hayo tu. Nikalifunga daftari, nikarudi jikoni kabla hajamaliza kuzungumza.

Kwangu mimi lilikuwa jambo moja, siku moja, mahali pamoja. Watu wamevamia kanisa Likasi, wamewafunga Waayalandi kamba shingoni, bendera imepanda. Na babu yangu ni mtu wa Likasi. Nilielewa sasa kwa nini anaingia chumbani mlango ukifunguka. Nilielewa pia kwa nini Mista Donal anakaa na ukurasa ule siku nzima bila kula: anangoja siku ya kulipa kisasi.

Kabla ya chakula cha jioni nilimfuata Nkambo kwenye kiti chake. Upepo wa Septemba ulikuwa unavuma, ule unaoleta vumbi kutoka kwenye machimbo ya zamani, na yasmini ya jirani ilikuwa imechanua. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Nkambo, ulimnyonga mtu?"

"Nani amekwambia hivyo, mwana?"

"Wale Waayalandi. Jadotville."

Aliposikia jina lile alitazama nyumba kubwa, kisha akatazama mikono yake. "Apana," akasema. "Sikunyonga mtu. Mimi nilifunga maji."

Akanieleza kwa maneno machache, kama mtu anayetumbua jipu haraka. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na Umoja wa Mataifa ukatuma askari, na kundi moja la askari hao, Waayalandi, vijana watupu, likawekwa nje kidogo ya Likasi. Vita vilipoanza, ofisa mmoja wa Katanga alikuja ofisi ya maji akamkuta Nkambo akiwa zamu, kijana wa miaka ishirini na moja, akamwambia achukue ufunguo wa valvu kubwa. Wakaenda naye kwa gari. Akafunga. "Joto la mwezi wa tisa unalijua Likasi? Hulijui. Kabla ya mvua, hata mbwa anatafuta kivuli cha nguzo. Nao walikuwa kwenye mashimo ya udongo, siku tano." Akaniambia nisimwambie Mama. Akaniambia pia kwamba mzee wa nyumba kubwa, kwa umri wake na nchi yake, anaweza kuwa mmoja wao, na kwamba yeye Nkambo hajui akimuuliza atasimama wapi.

Nilijua kitu ambacho Nkambo hakukijua: hakukuwa na haja ya kuuliza, imeandikwa.

Kesho yake Mista Donal alipokwenda bustanini nikaingia chumba cha vitabu, nikaushika ukurasa ule karibu na mshono, nikauvuta. Ulitoa sauti ndefu kuliko nilivyotegemea. Niliukunja mara nne, nikauficha chini ya godoro. Niliamini kabisa kwamba bila ukurasa siku yenyewe haitafika. Itatoka kumi na mbili iende kumi na nne, na babu yangu atapona.

Ilifika. Nilirudi shule nikamkuta Mama ameketi kwenye ngazi ya jikoni, aproni mkononi, macho mekundu. Mista Donal alikuwa amemuita asubuhi, akamwonyesha pengo kwenye daftari, akamwuliza nani ameingia chumbani mwake. Mama akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kuna vitu katika nyumba hii anaweza kuvipoteza na kile si kimojawapo, na kwamba Jumamosi wataongea kuhusu kama ataendelea kumhitaji. Mama alikuwa ameanza kuhesabu kwa sauti nani huko Yeoville anaweza kutupa kona ya chumba, watu watatu, mwezi ule watu wakiwa tayari wananong'ona mitaani kwamba wageni wamekuwa wengi.

Nilikwenda kwa Nkambo, nikautoa ukurasa nilikouficha, nikamwekea magotini. Nikamwambia kila kitu: daftari, wanaume thelathini, kamba, na kwamba nilitaka asije akanyongwa. Aliukunjua ukurasa taratibu. Hakujua kusoma Kiingereza lakini neno Jadotville alilisoma, akaweka kidole juu yake.

"Nikusomee?" nikamwuliza.

"Usinisomee. Nilikuwepo."

Akaingia ndani, akavaa koti lake la kanisani juu ya shati la kazi, akachukua kofia, akanirudishia ukurasa. Mama alipomwona anavuka ua akasimama, akasema, "Papa, unaenda wapi?" Nkambo akamjibu kwamba amechelewa mahali kwa miaka arobaini na zaidi, asimcheleweshe tena. Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama gome.

Mista Donal alifungua mlango mwenyewe, miguu wazi. Alituona, akauona ukurasa mkononi mwangu, uso wake ukafungika.

"Ni mimi niliyeuchana," nikasema. "Mama hajui. Naomba usimfukuze Mama."

"Kwa nini, Mwadi?"

"Ili usimnyonge babu yangu."

Watu wengine wangecheka. Yeye alitupisha ndani, akatukalisha chumba cha vitabu, akaniuliza pole pole nimeelewa nini, nami nikamweleza mtaa mrefu na namba zake za nyumba. Akauchukua ukurasa, akaulaza mezani na kuunyoosha kwa upande wa kiganja. Akaniambia namba zile ni miaka. Baharia alikufa zamani sana. Wale wa Meksiko walinyongwa zaidi ya miaka arobaini baadaye, upande mwingine wa dunia. Na Jadotville ilikuja zaidi ya miaka mia moja baada yao. Kinachowaunganisha, akasema, ni tarehe tu. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Supu ya kuku ilinijia akilini, na vita vyote nilivyompa pole.

"Na hiyo ya mwisho," nikamwuliza, "nayo ni ya zamani?"

"Ya mwisho ni yangu," akasema.

Nkambo alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, anangoja. Sasa akaniambia, "Mwambie huyu Papa ninachosema, usiongeze, usipunguze. Ukiona neno ni gumu, uliza." Nikasimama katikati yao. Akaanza. Alisema jina lake na jina la baba yake. Alisema yeye si mtu wa Lubumbashi, ni mtu wa Likasi, fundi wa maji, na kwamba mwaka ule, asubuhi ile, aliambiwa achukue ufunguo. Nilikuwa natafuta neno la Kiingereza la valvu Nkambo aliposema, "Mimi ndiye niliyefunga maji," na kabla sijafungua mdomo Mista Donal akasema, kwa Kiswahili cha ajabu, kilichovunjika katikati, "Maji."

Nadhani ndilo neno pekee alilokuwa amebaki nalo.

"Endelea," akaniambia.

Nkambo akaendelea, na sasa alisema jambo ambalo hata mimi hakuwa ameniambia. Alisema hakulala siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu alirudi kwenye valvu peke yake, amebeba spana, tayari kudanganya kwamba kuna bomba linavuja. Akafungua. Aliacha maji yaende kwa muda wa kusali rozari moja, akihesabu kwa vidole kwa sababu rozari yenyewe aliiacha nyumbani, mpaka akaona vumbi la gari barabarani, akafunga, akakimbia. "Sijui yalifika," akasema. "Mabomu yalikuwa yanaanguka, bomba lile lilikuwa linapita chini ya barabara. Labda lilikuwa limepasuka. Kila mwaka siku hii ninajiuliza, yalifika au yaliingia ardhini? Mwulize. Yeye alikuwa upande wa pili."

Nilitafsiri. Nilitafsiri vizuri, mpaka rozari. Mista Donal alisikiliza akiutazama ukurasa, na mimi nilikuwa naona alichokuwa anakitazama, maana nilikuwa nimesimama karibu na bega lake: *halikuja hata tone*. Wino ulikuwa mweusi kabisa.

Akauliza, "Anasema siku ya tatu? Alfajiri?"

"Ya tatu," nikajibu.

Alivuta pumzi kwa muda mrefu kupitia pua. Kisha akainua uso, akamtazama Nkambo, si mimi. "Mwambie yalifika."

Sikuelewa. Nikasema, "Lakini Mista Donal, hapa umeandika—"

Akaweka kiganja chake kipana juu ya ukurasa, kikafunika mistari yote, na baharia, na kamba. "Mwadi," akasema, bila ukali wowote. "Mwambie babu yako nilichosema. Yalifika. Tulikinga kwa kofia za chuma. Tulikunywa."

Sijawahi kubeba kitu kizito kama sentensi ile. Shuleni na kanisani walikuwa wamenifundisha kwamba uongo ni uongo, na Nkambo mwenyewe alikuwa ameniambia nisiongeze nisipunguze. Nilimtazama babu yangu. Alikuwa ameikamata kofia kwa mikono miwili, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayesikiliza bomba.

"Anasema yalifika, Nkambo," nikasema. "Walikinga kwa kofia za chuma. Walikunywa."

Nkambo hakulia. Alichofanya ni kuegemea nyuma, mgongo wake ukagusa kiti kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Baadaye akaniuliza, "Mwulize kama yalikuwa na kutu."

Nikauliza. "Sana," akasema Mista Donal. "Mekundu kabisa."

"Njo yenyewe," akasema Nkambo, yaani ndiyo hayo hasa, na akacheka kidogo kwa koo. "Bomba lile lilikuwa la zamani. Niliwaambia walibadilishe."

Ndipo Mista Donal naye akasema lake. Alisema walipoishiwa risasi, chakula na maji walisalimu amri, wakawekwa mateka, na walipofika nyumbani hakuna aliyetaka kusikia kwamba walipigana siku tano. Watu waliwaita waoga. Yeye alikaa miaka michache akichoka kutazamwa, akaondoka, akaja mwisho wa Afrika ambako hakuna aliyemjua. Nkambo alisikiliza tafsiri yangu akitikisa kichwa. "Mwambie," akasema, "mlipotolewa pale, sisi watu wa mji tulisimama barabarani kuwaangalia. Tulikuwa tumesikia bunduki siku zote tano. Hakuna mtu wa Likasi aliyesema nyinyi ni waoga. Maiti tulizozika zilikuwa za upande wetu." Mista Donal aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, mara ya tatu, nami nikarudia, na sikuchoka kwa sababu hilo lilikuwa kweli tupu, halikunipa taabu ulimini.

Mama hakufukuzwa. Mista Donal alimwomba radhi mbele yetu, jambo lililomtia Mama aibu kuliko kushutumiwa. Ukurasa hakuurudisha kwenye daftari. Aliukunja akautia mfukoni, na sikuuona tena. Jumamosi ile, badala ya mazungumzo aliyokuwa ameyaahidi, alivaa tai akaenda kanisani kuungama. Nilijua alikuwa na dhambi gani, nikawa na wasiwasi kama na mimi natakiwa kwenda.

Baada ya hapo Nkambo hakuinuka tena mlango ukifunguka. Alitengeneza bomba zote za nyumba ile, hata ambazo hazikuwa mbovu, na Mista Donal alimshikia tochi. Jioni walikaa barazani, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na nikipita wananiita nitafsiri neno moja au mawili, kisha wananiruhusu niende. Kumi na tatu Septemba za miaka iliyofuata walikula pamoja chakula cha mchana, samaki wa chumvi na bukari, ugali wa kwetu, alivyopika Mama, na mzee akavaa viatu. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho wa sekondari alipofariki. Mpwa wake alikuja, akauza nyumba, akachukua daftari, sisi tukahamia Yeoville na baadaye kila mtu na njia yake.

Nkambo aliishi miaka mingi baada ya hapo, na simulizi ile ikawa yake. Alitoa ushuhuda kanisani kwetu, mjini, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa la maduka ya viatu: jinsi Mungu alivyompa kijana mwoga ujasiri wa rozari moja, na watu weupe wakanywa. Waumini wakasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Kuna umri nilikuwa mkali wa ukweli, na jioni moja tulipogombana kwa sababu ya mvulana niliyekuwa nampenda, Nkambo akaniambia mimi ni mwongo, na maneno ya ukurasa ule yakanifika kabisa kwenye meno. Niliyameza. Yalikuwa na ladha ya chuma.

Mwaka jana aliugua. Nilihamia kwa Mama wiki tatu za mwisho, nikawa namnywesha maji kwa kijiko kwa sababu glasi ilikuwa imemshinda. Mchana mmoja, Mama akiwa ameenda dukani, alifungua macho akanitazama kwa uangalifu, kama alivyozoea kutazama kiungo cha bomba kabla ya kukiamini.

"Mwadi," akasema. "Siku ile kwa Papa Donal. Ulikuwa mtoto. Ulinitafsiria sawasawa?"

Nilifuta tone lililokuwa limebaki kidevuni mwake.

"Ndiyo, Nkambo," nikamwambia. "Neno kwa neno, kama alivyosema."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba kijiko kingine.